Roboti Wawili Bila Neno: Filamu Fupi ya Mashabiki wa Mombasa

Filamu hii fupi ya vijana wa Mombasa, mashabiki wa Star Wars (mfululizo wa filamu za vita vya angani), haina binadamu wala neno hata moja. Wahusika wake ni roboti wawili walioundwa kwa vipande vya redio kuukuu, wanaotafutana katika sayari iliyohamwa. Mzigo wote umebebwa na sauti, na hapo ndipo walipofaulu zaidi, kwani wamefuata njia ya Ben Burtt, mbunifu wa sauti wa Star Wars, ambaye katika filamu ya kwanza ya mwaka 1977 alimpa roboti R2-D2 sauti kwa kuchanganya milio ya sintesaiza (ala ya kielektroniki ya kutengeneza sauti) na ya kinywa chake mwenyewe, hata mtazamaji akatambua hofu na furaha bila mkalimani. Mlio wa roboti mdogo anapoachwa peke yake ulinigusa kuliko mazungumzo mengi ya filamu za kulipia.

Miamba ya matumbawe ya Nyali, iliyopigwa picha maji yakiwa yamekupwa, inafaa kuwa ardhi ya sayari ngeni, ingawa mkazi wa hapa ataitambua mara moja. Kasoro kubwa ni honi ya tuktuk (ni tuktuk, sina shaka) inayosikika katika sayari isiyo na watu, pamoja na mwisho ulioharakishwa mno, kiasi kwamba roboti wanakutana kabla hatujachoka kuwangojea.