Programu ipi inaficha kweli? Nilivyozipanga baada ya namba yangu kusomeka

Mwaka jana dalali wa nyumba aliniomba picha ya kitambulisho kabla hatujaenda kuona chumba. Nikakipiga picha kwa simu, nikaipaka namba wino mweusi kwa apu niliyouziwa na kijana wa duka la simu kwa shilingi 15,000, nikatuma. Haikupita robo saa akanipigia: "Dada, mbona namba yako inasomeka?" Alichofanya ni kuongeza mwanga wa picha tu. Kalamu ile ilikuwa ya kukolezea maandishi, wino wake unapitisha mwanga, na kwenye kioo cha simu yangu kilichofifia mimi niliona weusi mtupu.

Tangu siku ile programu ya picha naipima kwa swali moja: nilichokificha kimetoka, au kimefunikwa tu na kinasafiri pamoja na picha? Wepesi, vichujio na akili bandia mtavisoma kwingine.

Wala msidhani ni tatizo la apu za vichochoroni. Machi 2023 watafiti Simon Aarons na David Buchanan walionyesha kwamba zana ya kukatia picha kwenye simu za Google Pixel iliandika picha mpya juu ya faili la zamani bila kulifupisha. Mabaki ya picha ya awali yakawa yanakaa mkiani mwa faili, na sehemu kubwa iliweza kurudishwa. Siku chache baadaye zana ya skrinshoti ya Windows 11 ikakutwa na kasoro kama hiyo. Fikiria skrinshoti ya benki uliyoikata namba ya akaunti ukaituma ukiwa na amani moyoni. Na kuvuruga uso nako hakutoshi: mwaka 2007 Interpol ilisambaza sura ya mhalifu aliyejizungusha uso kwa programu, baada ya wataalamu wa polisi wa Ujerumani kuuzungusha kinyume hadi ukarudi.

Ya kwanza kwangu ni Affinity, programu ya kuhariri picha, na mapenzi yangu kwake siyafichi. Mimi niliinunua enzi za malipo ya mara moja; tangu Oktoba 2025, ikiwa chini ya kampuni ya Canva, inatolewa bure, mradi ufungue akaunti. Unaweka maski (kifuniko) juu ya leya (tabaka la picha), unapaka nyeusi pale pa kuficha, na ukikosea unapaka nyeupe, picha inarudi. Kwenye nywele inachagua vizuri mno, hata zile nyepesi za pembeni ya paji la uso. Lakini kurudi huko ndiko kunakotaka uangalifu, maana ulichoficha bado kimo ndani ya faili la kazi. Hata ukikata pembeni, kilichokatwa kinabaki hadi uiamuru leya Rasterise & Trim. Kwa hiyo faili la kazi halitoki kwenye kompyuta yangu. Natoa nakala ya kawaida ya JPEG, naifungua upya, naongeza mwanga hadi mwisho, ndipo naituma.

Photoshop naiweka ya pili, na kwa ufundi ingeweza kuwa ya kwanza. Ukikata picha, hakikisha umeweka tiki kwenye Delete Cropped Pixels, la sivyo kilichokatwa kinabaki kwenye PSD yako, yaani faili la kazi la Photoshop. Kinachonikera ni bei. Tangu 2013 Adobe, kampuni yenye Photoshop, iliamua matoleo mapya yawe ya kukodi, na kwa sisi tunaolipwa kwa shilingi, kukodi kwa dola kila mwezi ni mzigo unaobadilika uzito bila taarifa. Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo, ikidai inawaficha wateja ada ya kujitoa mapema. Halafu huku kwetu kuna wauzaji wa flashi yenye Photoshop iliyovunjwa wanaokuapia kuwa "hii ni ya maisha". Nilimwamini mmoja. Ilizima baada ya wiki tatu na kuniachia virusi, na duka likawa limehama.

GIMP ni ya bure na inafaa. Ila kifutio chake, kwenye leya yenye uwazi, hakiondoi rangi, kinaifanya isionekane tu. Ukitoa PNG, ondoa tiki kwenye kipengele cha kuhifadhi rangi za pikseli (nukta za picha) zisizoonekana. Apu za simu za elfu kumi na tano, ziacheni.

Na hili la GIMP linaniuma: nimemkuta mama akitozwa 20,000 kwa kuwekewa programu ambayo walioitengeneza wanaigawa bure. Angeambiwa ni malipo ya kazi ya kuiweka, ningenyamaza. Aliambiwa ni bei ya programu.

Kabla hujalipa popote, mwambie muuzaji afunike namba yoyote kwenye picha mbele yako, kisha ongeza mwanga mwenyewe. Yule kijana wa simu nilimrudia na picha yangu, nikamwonyesha namba inavyosomeka. Alisema apu ikishawekwa, pesa hairudi.