Mashine ya kukatia kona: yenyewe safi, bledi yake badilisha

Mimi seremala, niko Chikongola, Mtwara mjini. Kazi zangu nyingi siku hizi ni fremu za milango, skatingi na mikanda ya dari ya mninga. Mashine niliyonunua ni ya bledi ya inchi 10. Meza inazunguka kulia na kushoto, ila kichwa, yaani sehemu yenye mota na bledi, kinalala upande mmoja tu. Zipo zinazolala pande zote mbili, bei yake nayo si mchezo. Mimi sikuona haja, mbao naigeuza na kazi inakwenda.

Bledi iliyokuja nayo ina meno 24, ya mbao za kupaulia. Kwenye mkanda mwembamba inachana, ukingo unatoka na ndevu. Nimefunga ya meno 80, jointi ikikutana unaipaka vanishi tu. Ukienda dukani, hela ya bledi iwe mfukoni kabisa.

Sasa mikanda ya dari. Ule unaoinama digrii 38 kutoka ukutani ukiulaza bapa, kwa kona ya 90 meza unaizungusha hadi 31.6 na kichwa unakilaza 33.9. Alama zake zimechorwa pale pale, lakini mambo mawili kwa mpigo yanakula muda. Mimi nausimamisha mkanda kichwa chini: ukingo wa dari unakaa mezani, wa ukuta unaegemea chuma cha nyuma. Kipande cha mbao kilichobanwa mbele kinauzuia usiteleze. Hapo nakata 45, kichwa kimesimama wima.

Mikindani ndiko mashine iliponilipa. Nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, kona ya 90 utaitafuta sana! Kona ya chumba kimoja ilisoma digrii 93. Unatoa 93 kwenye 180, unabaki na 87, nusu yake 43.5, unasogeza, unakaza, unakata. Kwa msumeno wa mkono na kisanduku cha kuuongozea cha digrii 45, pengo ungeliziba kwa gundi na vumbi la mbao.

Taa yake ya leza mchana nje haionekani, na mfuko wa vumbi ni pambo, vaa barakoa. Upepo wa bahari unaishikisha meza kutu upesi, naifuta kwa kitambaa chenye oili kila jioni. Kaboni za mota za akiba muuzaji alinipa mbili. Zikiisha ni kuagiza Dar, maana yeye mwenyewe hana spea.