Westfield: Jina Lililokua Kuliko Majengo Yake

Mteja anayeingia katika kituo cha maduka chenye jina la Westfield, kiwe Sydney, London au Warsaw, hupewa kitu ambacho hakiandikwi kwenye risiti: uhakika kwamba vyoo vitakuwa safi, vibao vitasomeka, ngazi za umeme zitakuwa mahali anapozitarajia, na duka alilolipenda katika mji mmoja huenda atalikuta katika mji mwingine. Uhakika huo ndio bidhaa halisi ya kampuni hii, na ndio unaopimwa hapa. Maoni yangu, niyaweke mapema, ni kwamba bidhaa yenyewe ni nzuri, ila bei yake hulipwa zaidi na wapangaji kuliko wanunuzi, na kampuni iliyoibuni ilijua kuuza kabla soko halijageuka.

Mwanzo wake ulikuwa mdogo mno. Frank Lowy na John Saunders, wahamiaji wawili kutoka Ulaya ya Kati, waliendesha duka la vyakula huko Blacktown, magharibi mwa Sydney, katika miaka ya 1950, wakiwauzia wahamiaji wenzao vyakula walivyovizoea kwao. Mwaka 1959 walifungua pale pale Blacktown kituo chao cha kwanza cha maduka, na jina wakalichukua kwenye mazingira yao: upande wa magharibi wa jiji na mashamba yaliyokuwa yakikatwa viwanja. Mwaka uliofuata kampuni iliandikishwa katika soko la hisa la Sydney. Miaka mitatu kabla ya Blacktown, huko Edina katika jimbo la Minnesota, msanifu Victor Gruen alikuwa amekwisha kuwaonyesha Wamarekani kituo cha Southdale, chenye maduka chini ya paa moja na hewa inayodhibitiwa mwaka mzima. Kwa hiyo Lowy na Saunders hawakubuni wazo la kituo cha maduka cha kanda nzima. Walilichukua wakalisuka upya, na ufundi wao ulionekana katika namna ya kulizidisha.

Namna hiyo inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndiyo iliyoikuza kampuni kuliko jambo jingine lolote. Badala ya kungoja ardhi tupu, Westfield ilipenda kununua kituo kilichochoka, chenye mahali pazuri lakini uendeshaji duni, kisha ikakipanua, ikabadilisha wapangaji, ikapandisha kodi na kukibandika jina lake mlangoni. Kazi ya usanifu, ujenzi, upangishaji na usimamizi wa kila siku ilifanywa kwa kiasi kikubwa ndani ya kampuni yenyewe, hivyo aliyechora mlango alikuwa karibu na yule aliyejua ni watu wangapi hupita mlangoni humo. Ndivyo ilivyoingia Marekani mwaka 1977 kwa kununua kituo cha Trumbull huko Connecticut, na ndivyo ilivyoendelea mwaka 1994 iliposhirikiana na wawekezaji wengine kuinunua kampuni ya CenterMark pamoja na vituo vyake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Westfield ilichukua vituo vibaya, ikavitengeneza, kisha ikavitembeza kwa matangazo mengi hata hivyo.

Ndani ya jengo, mpango haubadiliki sana. Maduka makubwa yanayovuta umati huwekwa kwenye ncha, na maduka madogo hupangwa katikati, ili anayetoka ncha moja kwenda nyingine apite mbele ya vioo vya wote. Duka kubwa hulipa kodi nafuu kwa kila mita ya mraba kwa kuwa ndilo linaloleta watu, na duka dogo hulipa zaidi kwa kuwa linanufaika na watu ambao halikuwaleta. Katika mikataba mingi ya aina hii mpangaji hulipa kodi ya msingi, na mauzo yake yakivuka kiwango fulani huongeza asilimia ya mauzo hayo, jambo linalomfanya mwenye jengo awe na hamu ya kujua daftari la mpangaji kama vile ni lake. Mnunuzi haoni hesabu hizi, lakini huzihisi miguuni, maana njia ya mkato ni nadra.

Westfield London, iliyofunguliwa tarehe 30 Oktoba 2008, ndiyo kazi ambayo ningemwonyesha yeyote anayetaka kuielewa kampuni hii. Ilifunguliwa wiki chache tu baada ya benki ya Lehman Brothers kuanguka, wakati ambao mtu mwangalifu asingefungua hata kibanda, na bado ilisimama. Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni usafiri. Eneo la White City, ambako mwaka 1908 kulifanyika maonyesho makubwa na Michezo ya Olimpiki, lilipewa kituo kipya cha treni cha Wood Lane, kituo cha Shepherd's Bush cha njia ya Central, ya treni za chini ya ardhi, kikajengwa upya, na mabasi yakapata kituo chao. Vituo vingi vya Marekani vilijengwa kwa imani kwamba kila mteja ana gari. Hiki kilijengwa kwa kukubali kwamba wateja wengi hawatakuja na gari, na tofauti hiyo imekifaa. Upanuzi wa mwaka 2018, ulioleta duka kubwa la John Lewis, ulikiingiza katika orodha ya vituo vikubwa kabisa vya maduka barani Ulaya. Kituo cha Stratford, mashariki mwa London, kilichofunguliwa Septemba 2011 kando ya bustani ya Olimpiki, kilifuata akili ile ile kwa ujasiri zaidi: mwaka 2012 watazamaji wengi sana wa michezo walipita katikati ya maduka kabla ya kuuona uwanja.

Hapo ndipo pia lawama yangu inapoanza. Njia ambayo watu huitumia kama barabara ya mji, lakini yenye mmiliki, walinzi na masharti yake, haiwi barabara ya mji kwa sababu tu ina wapita njia. Mwenye jengo anaweza kumwondoa mpiga gitaa, mgawa vipeperushi au kijana aliyekaa muda mrefu bila kununua kitu. Nalo lile lile ninalolisifu, yaani uhakika, lina upande wake mchungu: maduka hufanana, muziki hufanana, hata harufu hufanana, na fundi viatu wa mtaani hapati nafasi.

Ukuaji wenyewe haukuwa mstari ulionyooka. Mwaka 2001 kampuni ilichukua sehemu ya maduka ya World Trade Center mjini New York kwa mkataba wa miaka 99, wiki chache kabla ya mashambulizi ya Septemba. Ilirudi mahali hapo mwaka 2016, chini ya jengo la Oculus lililochorwa na Santiago Calatrava. Mwaka 2014 iligawanywa: vituo vya Australia na New Zealand vilikwenda Scentre Group, vya Marekani na Uingereza vikabaki Westfield Corporation, ambayo mwaka 2018 ilinunuliwa na Unibail-Rodamco ya Ulaya. Msomaji aliyeko Sydney na aliyeko London wanaona jina moja mlangoni, ilhali wenye mali ni tofauti kabisa, na malalamiko ya mmoja hayamhusu mwenye jengo la mwingine.

Waliouza Westfield walichagua saa yao vizuri. Maduka makubwa yaliyokuwa nguzo za vituo hivi yalikuwa yamekwisha kudhoofika: Sears ya Marekani iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Oktoba mwaka huo huo wa 2018, na Debenhams ilifunga maduka yake yote Uingereza mwaka 2021. Unibail-Rodamco, iliyoinunua, ilibaki na deni zito, wanahisa wake wakakataa mwaka 2020 mpango wa kuongeza mtaji, na mwaka 2023 kituo cha San Francisco kiliachiwa wakopeshaji. Hata hivyo jina halikutupwa. Lilipelekwa kwenye vituo vya zamani vya Unibail kama Forum des Halles mjini Paris, na Aprili 2025 likawekwa kwenye eneo jipya la Hamburg ambako maduka yanachanganyika na ofisi, hoteli na nyumba za kuishi, dalili ya wazi kwamba wamiliki hawataki tena kutegemea duka kubwa kwenye kila ncha.

Kwa mnunuzi, basi, ningeshauri vituo vinavyofikiwa kwa treni, hasa viwili vya London, na ningemwambia asitarajie kukuta humo kitu ambacho hajawahi kukiona. Mfanyabiashara mdogo anayefikiria kupanga katika kituo cha aina hii na asome kifungu cha gharama za huduma, yaani usafi, ulinzi, umeme wa korido na matangazo ya pamoja, kabla hajakisoma kile cha kodi.