Ofisi ya tiketi iliyotaka kutupeleka Barbados kupitia Miami

Jina la ofisi silitaji, wenyewe wanajijua. Ila yule kaka aliyeniambia "dada si mngeenda zenu tu Zanzibar, kwani bahari si ile ile" ningependa ajue kwamba hayo maneno sijayasahau, nayakumbuka nikiwa jikoni, nayakumbuka kwenye foleni ya mwendokasi, hadi usiku mume wangu anakoroma mie nimekodolea dari macho nayakumbuka.

Ngoja nianze na safari yenyewe maana nikianza na huyo mtu sitamaliza.

Sisi tulikuwa tunataka Barbados, kisiwa cha kule Karibi. Si Dubai, si hizo pakeji za Uturuki ambazo kila mtu anarudi na picha ya lile puto. Barbados, kwa sababu mume wangu kakulia Upanga kati ya watoto wa Kihindi wakamwambukiza kriketi, na tangu Uganda waende Kombe la Dunia la T20, ile kriketi fupi, kule Karibi 2024 nyumbani kwangu hakukukalika, na fainali ikachezwa Kensington Oval pale Bridgetown, India wakawafunga Afrika Kusini kwa tofauti ya ranzi 7 (ndo pointi zao), baba wa watu akaapa lazima akanyage ule uwanja kabla hajafa. Mie kriketi sijui hata nani anamrushia nani mpira, mie nilitaka bahari na nilitaka kuona mtaa aliokulia Rihanna. Tukakubaliana. Tukaweka hela kidogo kidogo, muda mrefu tu.

Nikaanza kuulizia mwenyewe. Pasipoti ya Tanzania Barbados haihitaji viza, unaenda na tiketi ya kurudi, unakolala pajulikane, na fomu yao ya uhamiaji unajaza mtandaoni kabla. Nikafurahi sana, mtu hujazoea kusikia nchi ya mbali inakwambia njoo tu. Ndo nikaenda kwa hawa jamaa maana mtu wa kazini alisema wanajua kazi.

Dalili zilikuwepo toka mwanzo. Kwanza kaka akanishauri twende mwezi wa tisa, "bei imelala dada, chukua hiyo". Nikamuuliza, kaka, wewe unajua mwezi wa tisa kule kuna nini? Msimu wa vimbunga unaanza mwezi wa sita hadi mwisho wa mwezi wa kumi na moja na huo wa tisa ndo katikati yake kabisa! Kimbunga Beryl mwaka 2024 hata mwezi wa saba haujapambazuka vizuri kilishapita kusini mwa Barbados, wavuvi wa Bridgetown wakapoteza maboti, kikaenda kuiponda Carriacou, kisiwa cha upande wa Grenada. Kaka ananiambia "mvua tu za kawaida hizo". Haya.

Pili akatutafutia nyumba Bathsheba. Picha nzuri, nakubali, mawe makubwa yamesimama baharini, lakini Bathsheba iko upande wa mashariki unaotazama Atlantiki, mawimbi ya pale ni ya watu wa kuteleza na mbao, mtu kama mie wa kuingia maji ya kiunoni na kanga siogelei pale. Maji yaliyotulia yako magharibi na kusini. Hilo nalo nilimwambia mimi mteja. Ikabadilishwa, huku anapumua kwa nguvu utafikiri nimemtuma akanibebee ndoo ya maji ghorofani.

Tukaja kwenye tiketi. Dar, Doha, Miami, Bridgetown. Nikamuuliza, tena nakumbuka mume wangu alikuwa pembeni shahidi, nikasema kaka hapa Miami hakuna shida? Akajibu kwa kujiamini kabisa, "Barbados hamhitaji viza dada, nyie mnapita tu." Mnapita tu. Nikalipa.

Siku ya safari tumefika Terminal 3 mapema, nimesuka, mume wangu kavaa fulana ya West Indies, timu ya kriketi ya visiwa vya kule, kaagiza sijui wapi. Mabegi yameshapimwa, yameshafungwa zile karatasi ndefu. Dada wa kaunta anabofya, anatabasamu, anabofya. Mara akaacha kutabasamu. "Mama, viza ya Marekani iko ukurasa gani?" Nikamwambia mdogo wangu sisi hatuendi Marekani, tunaenda Barbados. Akasema naona mama, lakini mnashukia Miami. Akamwita mkubwa wake, mkubwa akaja na redio kiunoni, akatueleza kwa upole (na nampa heshima yake yule baba) kwamba Marekani haina kitu kinaitwa kusubiri ndani ya eapoti bila kuingia nchini. Ukishuka Miami unapita uhamiaji kama watu wote, unachukua begi lako, unalikabidhi upya, kwa hiyo hata kama unakaa pale masaa mawili unatakiwa uwe na viza yao, ya transiti au ya kutembea, na hiyo unaiombea ubalozini kwa kufanyiwa intavyuu. Ndege haiwezi kukubeba bila hiyo kwa sababu ukirudishwa shirika ndo linatozwa.

Nikampigia kaka. Akapokea mara ya pili au ya tatu hivi. Unajua alisema nini? "Waambie ni transiti." Nikasema nimewaambia. "Sasa waambie TRANSITI, dada, transiti tu." Yaani anadhani nikilitamka kwa sauti Marekani yote itafunguka! Huku nyuma yangu watu wanapita na trei zao, dada wa kaunta anabandua zile karatasi ndefu kwenye mabegi yetu, polepole, hanitazami usoni, na mume wangu kasimama na fulana yake ya rangi ya damu ya mzee hasemi neno. Nilitamani angegomba. Hakugomba.

Kesho yake nikaenda ofisini peke yangu. Na hapa ndo nilipotaka kufika siku zote hizi.

Kaka anakula sambusa. Hajasimama, hajaniambia pole, hata karibu kiti hakuna. Mbele yake kuna fotokopi ya pasipoti yangu, kaiwekea sambusa juu, mafuta yameshasambaa yamefika kwenye paji la uso la picha yangu. Nikasalimia. Akaendelea kutafuna. Nikamwambia kaka tumerudishwa. Akasema "nimesikia". Nikamwambia uliniambia hakuna shida. Akafuta vidole, akasema "nyie ndo mlitaka bei ya chini, njia nyingine zilikuwa ghali". Lini? Njia gani? Hakunionyesha njia nyingine hata moja! Afu ndo akaongeza sasa, anatabasamu kabisa, "Dada si mngeenda zenu tu Zanzibar, kwani bahari si ile ile."

Kwanza kabisa kaka yangu, Zanzibar ni kwa bibi yangu. Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Makunduchi, Zanzibar nimeanza kwenda nimebebwa mgongoni, nikienda kule nakwenda kuulizwa kwa nini sijaleta watoto na kupewa nazi za kurudi nazo, siendi kupumzika. Pili, Mzungu akitoka kwao Norway na bahari yao hadi Nungwi, hivi kuna mtu anamuuliza kwani bahari si ile ile? Anachekewa, anavishwa maua. Mie niliyeweka shilingi kwa shilingi ndo naambiwa nijue mwisho wangu ni boti ya Azam. Na ofisi hiyo hiyo ukutani imebandika mabango ya Paris. Yanamhusu nani hayo mabango?

Sikumjibu. Nilichukua ile fotokopi na mafuta yake nikaikunja nikaitia kwenye pochi. Ninayo hadi leo.

Hapo ningekuwa nimeandika siku ile ile, ningesema ofisi ichomwe. Lakini kuna mambo mawili lazima niyaseme maana sipendi kudhulumu. Mama mwenye ofisi alipoingia nilimwamkia, akaitikia vizuri, akanikalisha, akasema mwanangu huyu kijana mdomo wake ndo ulivyo, msamehe. Sijamsamehe, ila mama nilimsikia. Halafu akamwita mdogo mmoja aliyekuwa kakaa nyuma kabisa karibu na mashine ya fotokopi, nilidhani ni wa kutumwa vocha, na huyo mtoto, jamani, huyo mtoto ana akili.

Swali lake la kwanza: "Shikamoo mama, pasipoti zenu zote mbili ni za Tanzania?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Akavuta karatasi akaandika kila mahali ndege inapoweza kutua, akawa anakata. Miami kata, New York kata, kote Marekani kata. Toronto kata, Kanada nao wanataka viza ya kupita. London? Nikafurahi nikasema London ndege za Barbados si zimejaa, akasema ndiyo mama lakini pasipoti yetu pale hata usipotoka nje ya eapoti unatakiwa viza ya transiti, kata. Ikabaki Amsterdam. Kuna miezi ndege inatoka Amsterdam inatua Bridgetown moja kwa moja, kama masaa tisa, na sisi tukikaa ndani kwa ndani bila kuvuka uhamiaji hatudaiwi kitu. Akanisisitizia kitu kimoja kwa kalamu nyekundu, tiketi iwe moja Dar hadi mwisho, si mbili za kuunga, maana ukiwa na mbili begi linaweza kukutoa nje kulichukua na nje ndo Ulaya, viza. Na akasema mama hizi sheria hubadilika, wiki ya safari tunaangalia tena. Wiki ya safari akanipigia mwenyewe. Akaniuliza na kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, kama ninayo.

Tukaenda. Na sasa hapa hasira inanitoka kidogo nikikumbuka. Kisiwa chenyewe hakifiki hata nusu ya Pemba lakini watu wake! Kuna vigari vyeupe vyenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, namba zao zinaanza na ZR, ukipanda humo uko Mbagala kabisa, muziki unakutoboa masikio, konda anakusogeza usipoweza kusogea, dereva anakata kona kama anafukuzwa. Nilicheka peke yangu. Hesabu ya hela rahisi, dola yao mbili kwa moja ya Marekani toka miaka ya sabini, ila vitu bei juu mno, karibu kila kitu kinakuja kwa meli, ukinunua maji ya kunywa unajisikia vibaya. Ijumaa usiku tukaenda Oistins kwenye samaki wa kuchoma, moshi, meza za mbao, wazee wanacheza dansi za taratibu pembeni. Tukala kuku-ku yao, cou-cou wanaandika, ugali umesongwa na bamia, na samaki arukaye. Shelisheli ya kuchoma nayo nikaipata, mama muuzaji akashangaa naimenya bila kuelekezwa. Mume wangu kwenye Oval kapiga picha na sanamu ya Garfield Sobers, gwiji wao wa kriketi, hadi mlinzi akamwonea huruma akampiga picha yeye. Mtaa wa Rihanna nao nimeuona, nyumba ndogo ya rangirangi, mtaa umepewa jina lake 2017, watu wanakaa vibarazani wanaendelea na maisha yao.

Kwa hiyo ukiniuliza ofisi ni nzuri au mbaya, pale ufukweni Carlisle Bay kasa kapita hapa miguuni mwangu ningekwambia nenda, nenda kesho. Nilishaanza hata kutunga meseji ya kumshukuru mama mwenye ofisi.

Tumerudi, nakuta invoisi. Wametukata hela ya "usumbufu wa kubadilisha safari". Usumbufu nani kamsumbua nani? Ile tiketi ya Miami hela iliyorudi ni kipande, wanasema kilichobaki ni faini ya shirika kwa abiria kutofika. Sisi tulifika! Tulifika tukiwa tumesuka! Nikauliza yule mdogo yuko wapi anisaidie, nikaambiwa kaacha kazi, na aliyeniambia ni nani, si kaka wa sambusa huyo huyo, kakaa pale pale. Sasa hivi ndo kapandishwa cheo, msimamizi.

Nyota nitawapa tatu. Hapana, mbili. Ya tatu ilikuwa ya yule mtoto na hayupo tena, kwa hiyo ni mbili, na moja kati ya hizo ni ya mama mwenye ofisi kwa sababu ya kile kiti. Anayejua yule kijana wa mashine ya fotokopi kahamia ofisi gani anitafute, ninao ndugu zangu wanataka Jamaika na pasipoti zetu huko nako hazidaiwi viza, ni njia tu ya kufikia.

Hela yangu iliyobaki bado. Jumatatu naenda tena, na safari hii naenda na mume wangu, maana yeye haongei, lakini akishakaa kwenye kiti cha watu haondoki.