Miaka miwili kwenye Bridge Base Online: nani hasa ni mtaalamu?

Nilijisajili Bridge Base Online, tovuti ya kucheza briji mtandaoni, usiku mmoja stima zimepotea mtaani kwetu Umoja, simu ina chaji ya asilimia 40 na bando la kutosha. Nilikuwa nimefundishwa briji, mchezo wa karata wa watu wanne wanaocheza wawili wawili, kazini na bosi wangu wa zamani, nikataka kucheza zaidi ya ile Ijumaa moja kwa mwezi. Kujiunga ni bure, na kucheza kwenye meza za kawaida ni bure pia. Mpaka leo sijajuta. Ila kuna jambo moja ambalo mgeni anafaa kulijua mapema, nalo ni lile neno linaloonyesha kiwango cha mchezaji kwenye wasifu wake.

Kiwango hicho unajiandikia mwenyewe. Unapewa orodha inayoanzia mwanagenzi, kisha anayeanza, wa kati, aliyeendelea, mtaalamu, hadi mchezaji wa kiwango cha dunia. Maelezo yako wazi kabisa: mtaalamu ni aliyefanikiwa katika mashindano makubwa ya kitaifa, na wa kiwango cha dunia ni aliyeiwakilisha nchi yake kwenye ubingwa wa dunia akafanya vizuri. Lakini unapochagua hakuna anayekuuliza ushahidi. Mimi baada ya wiki sita nilijiandika aliyeendelea, na wakati huo niliamini ni kweli.

Wiki hiyohiyo nikaketi na jamaa aliyejiandika mtaalamu. Mnada, yaani hatua ya kuahidi mtashinda mizunguko mingapi, ulikwenda vizuri mpaka alipotaja 4 bila turufu, ule utaratibu wa Blackwood wa kuuliza mwenzako ana ree (karata ya A) ngapi. Nikajibu uru 5, yaani ninayo moja. Naye alikuwa na moja. Ree mbili ziko kwa wapinzani, na mkataba wa 6 unadai ushinde mizunguko 12 kati ya 13. Akanadi kopa 6. Wapinzani wakalaza ree ya uru, wakafuatisha ya pau, kwisha. Jamaa akatoka mezani bila hata kuaga, nami nikabaki nikikitazama kile kiti kitupu kwenye skrini. Iliniuma. Nilikuwa nimemwamini kwa sababu ya neno moja tu.

Kuna alama nyingine zenye uzito zaidi kidogo. Ukishinda pointi kwenye mashindano ya humo, karibu na jina lako hutokea alama ya karata, namba kwanza, kisha jeki, malkia, mfalme, na juu kabisa ree. Pia kuna nyota, ambayo ni ya wachezaji wenye rekodi kubwa inayojulikana. Nyota naiheshimu. Alama ya karata naisoma kwa uangalifu, kwa sababu pointi hujilimbikiza: anayecheza kila siku atapanda hata kama kiwango chake ni kilekile. Chama cha briji cha Marekani Kaskazini, ACBL, kina tatizo hilohilo kwenye pointi zake, kwani ukishazipata hazipungui. Ndiyo maana cheo cha Life Master kwa waliojiunga tangu 2010 kinadai pointi 500, na nyingine lazima ziwe za rangi maalumu, kulingana na aina ya mashindano, usiweze kuzikusanya zote mahali pamoja. Waingereza nao wana mfumo wa madaraja unaopanda na kushuka kufuatana na matokeo yako, nami naona huo ni wa haki zaidi. Kileleni kabisa ni World Grand Master wa shirikisho la dunia, na huyo lazima awe ameshinda ubingwa wa dunia. Hicho huwezi kujiandikia.

Kilichonibadilisha ni kumbukumbu za michezo. Bridge Base Online huhifadhi karata ulizocheza karibuni, mnada na mchezo wote karata kwa karata, pamoja na alama ulizopata ukilinganishwa na wengine walioshika karata zilezile. Unaweza kuzitazama za kwako na za mchezaji mwingine pia. Siku hizi kabla ya kukubali mwenzi mpya natazama kumbukumbu zake kwa dakika tano. Hapo neno la wasifu halina kazi.

Ndivyo nilivyompata Mwalimu. Niliona bendera ya Kenya kwenye wasifu wake, nikamsalimu, kumbe ni mama mstaafu anayeishi Parklands, amecheza briji tangu kabla sijazaliwa. Wasifu wake unasema wa kati. Usiku wa kwanza alishika mkataba wa 3 bila turufu, yaani tushinde mizunguko 9. Mpinzani wa kushoto akaanza na kopa. Mwalimu alikuwa na ree ya kopa na ndogo mbili, na karata zangu, zilizofunuliwa mezani ili azicheze yeye, zilikuwa na kopa ndogo mbili tu. Mimi ningeilaza ree papo hapo. Yeye akawaachia mzunguko wa kwanza, akawaachia wa pili, wa tatu ndipo akachukua, na kufikia hapo mpinzani wa kulia alikuwa ameishiwa na kopa. Akabahatisha kwenye uru, mfalme akawa huko kulia, akaupoteza mzunguko huo. Lakini mwenye mfalme hakuwa na kopa ya kumrudishia mwenzake! Tukamaliza na mizunguko 10. Wapinzani wote wawili wakamwandikia hongera, na mmoja akamwomba wacheze pamoja siku nyingine.

Nilipomuuliza kwa nini hajiandiki mtaalamu, alijibu, "Mwanangu, soma maelezo yao. Mimi sijashinda mashindano ya kitaifa."

Kasoro ninayoiona ni kwamba kwenye simu ndogo karata husongamana, na mara mbili nimegusa isiyo yangu. Intaneti ikikatika katikati ya mashindano, nafasi yako inaweza kupewa mwingine. Mashindano ya kulipia hutumia BB$, na 1 ni sawa na dola 1 ya Marekani, kwa hiyo nacheza machache kwa mwezi. Matangazo ya mechi kubwa, yenye wachambuzi wanaoandika mchezo ukiendelea, ni bure, na humo nimejifunza kuliko popote.

Nilirudi kwenye wasifu wangu nikaandika wa kati. Mwalimu nami tuna meza yetu kila Jumanne saa tatu usiku.