Pretalx kwa kupokea mada za kongamano letu, uzoefu wangu

Mwaka wa kwanza tulipokea mada kwa fomu ya bure, majibu yakawa yanaingia kwenye Eksel moja ambayo watu sita tunaifungua kwa pamoja, huyu anapanga kwa majina yule anafuta mstari, mwisho wa siku mada mbili zikajikuta chumba kimoja saa nne asubuhi na msemaji mwingine hajui hata kama kachaguliwa. Na wote tunajitolea, mchana kila mtu yuko kazini kwake, haya mambo tunayafanya usiku watu wameshachoka.

Mwaka uliofuata tukahamia pretalx. Ni programu huria ya kupokea, kuchagua na kupanga mada za kongamano, imeandikwa kwa Python (lugha ya kuandikia programu) na Django (zana yake ya kutengenezea tovuti), unaweza kuwalipa wakuwekee au unaiweka bure kwenye seva yako. Sisi hela hatuna tukaiweka wenyewe. Bure lakini si mteremko aisee, mi ilinila wikiendi nzima.

Nilichopenda zaidi ni kwamba unaweza kuficha majina wakati wa kutoa alama. Zamani tukiona jina la mshkaji tunajua tu huyu anapita, sa hivi unasoma mada yenyewe, na tukaiset usione alama za mwenzako mpaka uweke zako. Dada mmoja ambaye hajawahi kushika maiki popote akaongoza, mwenyekiti wetu mwenyewe akabaki nje hahaha.

Sasa sikia uzembe wangu. Ukiikubali mada imeli haiendi palepale, inakaa kwenye outboksi mpaka mtu aipitie na kubonyeza tuma. Mi sijui hilo, nikabonyeza kubali, kubali, kubali, nikaenda kulala. Siku nane baadaye watu wananitext "kaka vipi, tumeachwa?" naingia kucheki, imeli zote ziko pale zinanikodolea macho. Nikataka kuzituma fasta kwa aibu, ila nikaisoma moja kwanza nikakuta nilishawaandikia wathibitishe kabla ya Ijumaa ambayo ilikuwa imeshapita, basi nikarekebisha zote.

Kuthibitisha nako msikuchukulie poa. Msemaji asipothibitisha, mada yake haitokei kwenye ratiba ya wazi hata kama umeshaiburuta ukaiweka kwenye chumba na saa yake. Kuna wawili ilibidi niwapigie simu.

Mwaka huu tunaitumia tena, ila outboksi nimemkabidhi mtu mwingine.