Tabelog kwa msafiri wa Mombasa anayepanga kula Tokyo

Msafiri wa Mombasa anayekwenda Tokyo, awe anafuata magari au anatembeza familia likizo ya Desemba, mara nyingi hufungua ramani ya Google, akachagua mkahawa wenye alama 4.5, akaenda zake. Katika mitaa ya watalii kama Asakusa na Shibuya, alama hizo hutolewa kwa wingi na wageni wenzake. Wenyeji wana Tabelog, tovuti na programu ya simu iliyoanza mwaka 2005 chini ya kampuni ya Kakaku.com. Kwa kupanga chakula kabla ya kuondoka nyumbani, hatuoni chombo kinachoikaribia. Lakini alama zake zina desturi yake, na katika suala la halali haitoshi peke yake.

Tuanze na alama. Kwenye Tabelog 3.5 ni alama ya heshima. Mikahawa mingi imebanana kati ya 3.0 na 3.4, iliyopita 3.5 ni michache katika kila mia, na 4.0 ni ya wale ambao kupata kiti kwao ni kazi. Sababu ni kwamba alama si wastani wa kawaida. Maoni ya mlaji mzoefu yana uzito kuliko ya aliyejiandikisha jana, na mkahawa wenye maoni machache hubaki karibu na 3.0 hata kama chakula chake ni kizuri mno. Kwa hiyo 3.06 yenye maoni matano haijasema lolote, 3.06 yenye maoni mia mbili imesema. Tazama pia aina ya chakula. Alama za juu kabisa huenda kwa sushi ya bei kali na vyakula vya Kifaransa, ilhali rameni (tambi za supu) na udoni (tambi nene za ngano) ni nadra kuvuka 4.0. Rameni yenye 3.6 ifuate bila wasiwasi.

Bei huoneshwa mara mbili: ya mchana na ya usiku. Tofauti si ndogo. Kuna mikahawa ya sushi inayotoza kati ya yeni 10,000 na 15,000 usiku, na mchana ikauza seti kwa 3,000 au chini yake, kwa mpishi yuleyule. Mwenye bajeti ya kati ale vizuri mchana, usiku atafute bakuli la soba, tambi nyembamba za Kijapani. Tena kuna bei aliyoandika mwenye mkahawa na bei iliyokusanywa kutoka kwa wateja. Ziamini za wateja, kwa sababu ndani yake mna vinywaji na ile sahani ndogo ya kufungulia ambayo vilabu vya Kijapani huleta bila kuagizwa na kutoza kila mtu yeni 300 hadi 500. Bakshishi haitolewi.

Chini ya ukurasa mna jedwali ambalo wengi hawalifikii, na ndilo lenye manufaa zaidi: idadi ya viti, kama kuna chumba cha faragha, kama watoto wanakaribishwa, kadi zinazokubaliwa, sigara, siku za kufunga, na umbali kutoka stesheni kwa mita. Familia zetu husafiri kwa wingi. Mkahawa wenye viti tisa, vyote vya kaunta, hauwezi kupokea watu sita kwa pamoja, wala mwenyewe hatawapangua wateja wengine kwa ajili yenu. Chuja kwa viti kabla ya kuchuja kwa alama. Kwa sigara, sheria ya Aprili 2020 ilipiga marufuku uvutaji ndani ya mikahawa mingi, lakini baadhi ya vimkahawa vidogo vya zamani viliachwa, kwa hiyo mwenye pumu aangalie safu hiyo.

Sasa halali. Tabelog imetengenezwa kwa mlaji wa Kijapani, ambaye hana haja ya kuuliza supu imechemshwa kwa mfupa gani. Ukitafuta kwa neno ハラール, yaani halali kwa Kijapani, utaletewa zaidi mikahawa ya Kihindi, Kipakistani na Kibangladeshi, na huenda neno lenyewe limeandikwa na mteja tu. Litumie kupata majina, kisha hakikisha kwa tovuti ya Halal Gourmet Japan au kwa kumwandikia mwenye mkahawa. Katika Asakusa, Naritaya hupika rameni ya halali kwa supu ya kuku. Karibu na stesheni ya Shin-Okubo kuna kichochoro cha maduka ya halali, na msikiti wa Tokyo Camii, ulio jirani na stesheni ya Yoyogi-Uehara, una duka la vyakula.

Wengi wetu hujipa moyo kwamba samaki ni salama. Samaki mwenyewe ni salama. Shida iko kwenye kinachomzunguka. Mkunga wa kuchoma hupakwa sosi yenye mirini, mvinyo wa mchele wenye kileo cha asilimia 14 hivi. Mchuzi wa kuchovyea tempura (samaki na mboga za kukaangwa kwa unga) na ule wa soba pia hutiwa mirini. Omba chumvi badala yake kwa tempura, na uulize kama mafuta hayajakaangiwa nyama ya nguruwe. Rameni ya tonkotsu ni mifupa ya nguruwe mitupu, na hata ile ya sosi ya soya huja na vipande vya nguruwe juu. Viungo vya kari ya Kijapani mara nyingi vina mafuta ya wanyama. Hifadhi maandishi haya kwenye simu: 豚 ni nguruwe, ラード ni mafuta yake, 酒 ni pombe, みりん ni mirini. Tabelog husaidia hapa kwa njia ya pembeni: wateja hupiga picha menyu nzima, nawe unaweza kuzikuza ukiwa nyumbani Tudor, Mombasa, na kuyatafuta maandishi hayo kabla hujakata tiketi.

Usipange kwa jiji, panga kwa stesheni. Andika stesheni utakayoshukia kila siku, hifadhi mikahawa mitatu ndani ya mita 500, wa tatu ukiwa wa dharura. Kila mmoja uandikie siku ya kufunga na saa ya oda ya mwisho, ambayo huja nusu saa hadi saa nzima kabla ya mlango kufungwa. Mchana wengi huacha kupika saa nane na kurudi saa kumi na moja. Soko la nje la Tsukiji ni la asubuhi, na Jumapili sehemu kubwa imefungwa. Mnada wa samaki ulihamia Toyosu Oktoba 2018. Kwa wasafiri wa Desemba, vimkahawa vingi vya familia hufungwa kuanzia tarehe 29 hivi hadi 3 Januari.

Kubuku kunataka saa sahihi. Tokyo iko mbele yetu kwa saa sita, kwa hiyo nafasi zinazofunguliwa saa nne asubuhi ya huko ni saa kumi alfajiri Mombasa. Mikahawa ya juu hutaka namba ya kadi, na ukighairi siku yenyewe unaweza kutozwa bei yote. Benki ikituma msimbo wa uthibitisho kwa ujumbe mfupi, laini yako ya Kenya lazima iwe hewani, basi maliza malipo hayo kabla ya kupanda ndege. Beba pia noti za yeni 1,000. Mikahawa ya rameni huuza tiketi kwa mashine mlangoni, na baadhi ya mashine za zamani hukataa noti mpya zilizotolewa Julai 2024.